Vumbi la Bibi Ardith

Mjomba Merle alinichagua niwe shahidi wake katika ukaguzi wa gari kwa sababu, alivyosema, kwenda kununua gari la zamani bila mwongo upande wako ni uzembe. Nilipokea uteuzi huo kwa unyenyekevu. Mtu aliyewahi kumshawishi mwalimu wa historia wa shule yake ya bweni kwamba mfupa wa kuku ni kidole cha mtakatifu hawezi kukana kipaji chake.

Jambo lenyewe lilikuwa zito. Bibi Ardith Vanderveen, mjane aliyeishi peke yake mwisho wa njia ndefu ya changarawe huku kwetu Michigan, alikuwa na gari aina ya Pontiac GTO la mwaka 1968 bandani. Marehemu mumewe aliliegesha goti lake lilipokataa kukanyaga klachi, na inasemekana hakuna kilichoguswa tangu hapo. Wapenzi wa magari ya misuli, yaani yale yenye injini kubwa kuliko akili ya dereva, hulithamini gari la namna hiyo kuliko lililopakwa rangi upya likang'aa. Na Bibi hakutaka fedha. Alitaka pikapu ya mjomba, pamoja na bamba lake la chuma la kusukumia theluji, ili asifungiwe ndani kila majira ya baridi. Pikapu hiyo ndiyo iliyomlisha mjomba kuanzia Novemba hadi Machi. Akiitoa kwa gari bovu, angesafishia watu njia kwa koleo, naye ni mtu ambaye mgongo wake ulishafunguliwa na daktari.

Bibi alisukuma mlango wa banda. Gari lilikuwa pale, limefunikwa vumbi zito kama unga juu ya keki. Mjomba alisimama akilitazama.

"Mjomba, funga mdomo," nikamnong'oneza. "Unapandisha bei."

"Mnanong'ona nini hapo?" Bibi akauliza. "Mkitaka kuniibia, semeni kwa sauti, sikio hili halisikii."

Mjomba akatoa sumaku aliyoitia ndani ya soksi isikwaruze rangi. Akaipitisha taratibu chini ya milango na juu ya magurudumu ya nyuma, mahali ambapo kutu hula kwanza na wajanja huziba kwa puti, ambayo si chuma. Kwenye puti sumaku huanguka. Hapa ilinata kila mahali.

Hilo lilinitia shaka zaidi. "Jimbo hili linamwaga chumvi barabarani kuyeyusha barafu kila theluji ikianguka, na chumvi hula chuma," nikasema. "Gari la umri huu halina haki ya kuwa zima."

"Marehemu hakulipeleka kwenye chumvi," Bibi akajibu. "Kwenye chumvi alinipeleka mimi, kwa miguu."

Nikainamia boneti. Vumbi lilikuwa sawasawa mno. Vumbi la kweli huwa na upendeleo: huzidi huku, hupungua kule, hukanyagwa na panya. Hili halikuwa hata na unyayo mmoja wa panya. Nikachota kidogo kwa kidole. Ndani yake mlikuwa na manyoya meupe, nyuzi za rangi ya waridi, na chembe ya pambo la Krismasi.

"Bibi, una paka?"

"Ninaye. Ila haendeshi."

"Na zulia la waridi?"

Mjomba akaweka soksi yake mfukoni. "Linus, twende zetu. Kama vumbi ni la kughushi, rangi je? Injini je?"

"Ngoja, kijana!" Bibi akamzuia mlangoni, akimwita kijana mtu mwenye upara. "Mjukuu wangu aliliosha juzi, likatakata. Halafu mwanamume mmoja kanisani akaniambia nyie wendawazimu mnapenda vumbi, kwamba gari safi mtasema limekarabatiwa. Nikalimwagia vumbi la mfuko wa mashine ya kufagilia zulia. Halikufika nyuma, nikamwaga la mfuko wa pili."

"Basi tulioshe tena," mjomba akasema, "na mimi nitasimama hapa nikitazama."

Alisimama akitazama, walioosha ni mimi na Bibi, kwa maji ya moto kutoka jikoni. Rangi ya kijani ikajitokeza, imefifia, ina alama za mawe puani na baka hafifu juu ya mlango mahali marehemu alipoegemeza kiwiko. Mjomba akalinganisha namba iliyogongwa kwenye injini na ile ya kibati kilicho nyuma ya kioo cha mbele, ajue kama injini ni ya asili. Zikaoana. Akazisoma upya akianzia mwisho, asije akadanganywa na hamu yake.

"Ni lenyewe," akasema, kama mtu aliyepewa habari mbaya. Kisha akaitazama pikapu yake. "Bibi Ardith, wewe unataka pikapu, au unataka njia iwe wazi?"

"Njia. Pikapu yenyewe inanuka."

"Nipe gari, pikapu ibaki kwangu, nami nitakusafishia njia kila theluji ikianguka."

"Mpaka lini?"

"Maisha yako yote."

Bibi akafinya macho. "Unaniombea nini, kijana?"

Mjomba alikuwa akimtazama kwa jicho lile lile alilolitazamia gari. Nikaona ni wajibu wangu kusaidia.

"Bibi, mama yako aliishi miaka mingapi?"

"Mia moja na mitatu. Alianguka kwenye ngazi akipaka rangi dari."

Mjomba akafumba macho. "Njoo hapa kwenye mwanga."

Bibi akaja, akageuka polepole, akapiga mguu chini. "Meno yangu mwenyewe," akasema. "Nyonga zangu mwenyewe. Hakuna kilichobadilishwa. Na usisahau kunisafishia hadi kwenye sanduku la barua."

Mjomba alizunguka gari, akalipapasa lile baka la kiwiko, akatoa mkono. Bibi aliuminya hadi mjomba akakunja uso.

Tuliliacha gari bandani hadi tupate trela, na theluji ilianza kudondoka kabla hatujafika barabara ya lami. Mjomba akasimamisha pikapu, akatazama kioo cha mbele kikigeuka cheupe, akanitazama mimi, nami nikatazama kwingine. Akageuza kurudi kwa Bibi, akashusha bamba.