Ofisi ya Uani

Jumamosi asubuhi Jael alisimama katikati ya chumba cha uani na tepu ya kupimia, akamwambia Gracieuse ashike ncha ya pili. Alikuwa amesoma gazetini kwamba mtu anayefanyia kazi nyumbani aweke meza mahali mwanga utamjia kutoka kushoto, na asiache kitu chochote sakafuni. Jael alikuwa Mkenya, mwalimu wa chuo kikuu, na tasnifu yake ilikuwa imechelewa mpaka msimamizi wake ameacha kuiulizia. Akapima, akachora, akapima tena.

Gracieuse alishika tepu. Chumba hicho alikuwa ameahidiwa yeye. Alipoanza kazi za nyumba hapo Sydenham, mjini Durban, aliambiwa alale jikoni kwa muda, halafu ahamie uani na binti yake Elysée, wa miaka sita, aliyekuwa Isipingo kwa binamu yao Colette. Sasa Colette, msusi wa pale kwenye stendi ya taxi, alikuwa anahamia Cape Town mwisho wa mwezi. Alikuwa amesema wazi: mtoto akipata pa kulala kwa mama yake, abaki, asipopata, anaondoka naye. Gracieuse alikuwa hali, halali, kwa sababu ya jambo hilo.

"Madame," alisema kwa Kiswahili chake cha Kongo, "na ile chambre, chumba cha Elysée?"

"Ni ya muda tu, Gracieuse. Nikimaliza hii thesis ni yako. Haki."

Jael akisema haki, ujue mazungumzo yamekwisha. Gracieuse akaviringisha tepu na kumrudishia.

Chumba kilikuwa kitupu, isipokuwa matofali yaliyopangwa sehemu nne. Wenyeji wa Durban wengi huinua vitanda vyao kwa matofali, ili tokoloshe, kajitu kafupi ka kichawi, kasiwafikie usingizini. Jael hakuwa mwenyeji. Yeye aliona matofali ya bure, akatafuta mbao tatu, akajijengea rafu ya vitabu kama wanafunzi wanavyofanya, akafurahi nayo.

Jumatatu asubuhi vitabu vilikuwa sakafuni, vimepangwa kwa urefu, mbao zimeegemezwa ukutani, na matofali yako palepale pa zamani.

"Gracieuse, ni wewe?"

"Si mimi, Madame."

"Basi yamerudi yenyewe," Jael alisema, kama mtu anayesema maziwa yameganda. Akaijenga rafu upya. Jumanne ilikuwa hivyo hivyo. Jumatano juu ya matofali palikuwa na kitanda cha chuma, blanketi la kijivu limechomekwa vizuri pande zote, na Jael akajigonga ugoko.

"Eish! Njoo tukisukume."

Wakasukuma mpaka wakatoka jasho. Kitanda hakikutikisika hata kidogo. Jael akakipima, akarekebisha mchoro wake, akaisogeza meza dirishani.

MaCele, aliyefanya kazi nyumba ya jirani tangu zamani, alieleza mambo hayo kutoka upande wa pili wa ua huku akianika nguo, kwa Kizulu cha polepole ili Gracieuse afuate. Hicho ni kitanda cha Thembekile. Alifanya kazi humo mpaka akafa. Sheria ya wakati ule wa ubaguzi wa rangi haikuruhusu mtoto wake kulala naye, na polisi walikuwa wakija alfajiri na tochi, wanamulika mpaka uvunguni. Sasa sheria ile imefutwa, kwa hiyo ameweza kurudi. MaCele akabana kibanio cha mwisho, akaingia ndani.

Thembekile mwenyewe alianza kuja kila ifikapo magharibi. Aliingia na sare yake ya kazi, akavua viatu, akaketi ukingoni mwa kitanda, na chumba kikapoa. Ijumaa alikuja na mtoto. Mtoto alilala macho wazi, akiutazama mlango, na kila taa za gari zilipopita ukutani aliteleza uvunguni bila sauti, akakaa huko mpaka giza lirudi. Jael aliandika kuliko alivyowahi kuandika. Sura ya tatu ikaisha, ya nne ikaanza. Alinunua hata kifuniko cha taa, mwanga usimsumbue mtoto.

Gracieuse alipoona kile kifuniko, matumaini yalimrudia. Akapeleka chai, akabaki amesimama.

"Madame, kama wao wanalala humu, Elysée naye iko kadogo. Hata chini atalala."

Jael aligeuka, akamtazama kwa huruma ya kweli. "Gracieuse, hawa hawapigi kelele. Hawaombi maji. Elysée ni mtoto mzuri, lakini ni mtoto. Na unaona mwenyewe, nafasi imeisha."

Alikuwa hasemi uongo. Kitanda kilikuwa kimeimaliza.

Jumamosi ya mwisho wa mwezi Gracieuse alikwenda Isipingo, akamwogesha Elysée, akamsuka, akampandisha basi la Cape Town pamoja na Colette. Mtoto aliuliza mama atakuja lini. Gracieuse akasema karibuni, na basi lilipokata kona alilia mbele ya watu wote, wala hakujali nani anamtazama.

Aliporudi, Jael alimwomba abadilishe mashuka ya ofisini. Ilikuwa magharibi. Alipoingia, mtoto alikuwa amelala ubavuni mwa Thembekile, mkono umeshika sare ya mama yake. Gracieuse akasimama na mashuka mikononi. Thembekile akamtazama, kisha akasogea, akamwachia nafasi. Gracieuse akaketi. Bega la mwenzake lilikuwa baridi, lakini lilikuwa bega. Wakakaa hivyo huku Jael akipiga chapa, mgongo kwao.

Kisha Jael akanyoosha shingo.

"Naomba chai, tafadhali," alisema bila kugeuka.

Wakasimama wanawake wote wawili.