Msiba wa Daraja

Usiku wa jana niliota daraja letu limekufa, nami nimekwenda matangani.

Nilikuwa nimejiegesha kwenye kiti wodini, kando ya kitanda cha mwanangu Shaweji. Ana nimonia, anapumulia mashine ya oksijeni. Mvua haijakatika wiki nzima. Nikafumba macho kidogo tu, wallahi kidogo tu, nikajikuta nimejitanda kanga chini ya turubai, ukingoni mwa mto.

Daraja limelazwa mkekani, limefunikwa shuka, miguu imebaki nje kwa urefu wake. Mkeka wa mbele kabisa amekaa Mvua, analia kuliko wafiwa wote. Kila akipandisha sauti, maji yanapanda mikekani, na watu wanampa leso ajifute.

"Pole sana," namwambia Transfoma, jitu nene linalonguruma kwa kwikwi karibu yangu. "Lakini wewe si ulikuwa kazini?"

"Kazini gani, shemeji? Nyaya zangu zilipita mgongoni kwa marehemu. Nitabaki vipi na kaka hayupo?"

Pampu ya maji akadakia kwamba bila Transfoma yeye hanyanyuki, ndiyo maana wamefuatana. Mnara wa simu alikuwa nje, turubai ni fupi kwake. Ameshapeleka taarifa kwa ukoo mzima, sasa sauti imemkauka. Sikushangaa. Msiba ni msiba.

Kisha nikaona kitu kilichonikata maini. Jenereta wa hospitali yetu amejikunja pembeni, anakula ubwabwa.

"We! Hospitali umemwachia nani?"

"Dizeli yangu yote ilipita kwa marehemu," anasema, mdomo umejaa. "Amenilea huyu. Nisije kumzika?"

"Yaani mmekuja wote? Hamkuacha hata mmoja wa kulinda nyumba?"

Hata Mvua akashusha leso. Wakanigeukia wote, na Transfoma akaniuliza kwa upole kabisa:

"Na wewe, Mama Shaweji, mtoto umemwacha na nani?"

Mama yangu!

Nakimbia. Turubai limekuwa korido ya wodi, na korido haina katikati, maji meusi yanapita chini kwa kasi. Naruka, sijui nimeruka vipi. Nafika kitandani, mashine ya oksijeni haipo, nayo imekwenda kuzika. Midomo ya Shaweji imeanza kuwa ya bluu. Naogopa mpaka nashindwa kupiga kelele.

Kabatini kukagongwa kutoka ndani. Mlango ukafunguka, ukashuka ule mpira wa kumpulizia mgonjwa hewa kwa mkono, ukatembea taratibu mpaka miguuni pangu.

"Wewe huendi msibani?" namuuliza.

"Nikamzike nani? Mimi sina ndugu. Nataka mkono wa mtu tu. Mfunike pua na mdomo, bonyeza."

"Sijui, jamani!"

"Bonyeza, achia. Ukichoka, bonyeza."

Nabonyeza. Kifua kidogo kinapanda, kinashuka. Nalia, nabonyeza, mkono unawaka moto, naogopa hata kupangusa machozi.

Nikagutuka. Giza totoro. Mashine kimya, feni kimya, ni mvua tu juu ya bati. Sista Apolonia, muuguzi wa zamu, ameingia mbio na tochi ya simu, ameloa chapachapa.

"Daraja limechukuliwa na maji," anasema, anahema. "Umeme umekwenda nalo, na jenereta halina dizeli. Nimetoka wodi ya wazazi, nikajua huku nitakuta..." Hakumalizia. Alimmulika Shaweji usoni. Midomo ilikuwa na rangi yake. Akashusha tochi mikononi mwangu, bado inabonyeza.

"Mama Shaweji, huo mpira umeupata wapi? Kabati nimelifunga mwenyewe. Ufunguo huu hapa, shingoni kwangu."

Nikatupia kabati jicho, nikabonyeza tena.

"Utaniambia kukicha," akasema. "Usiache kubonyeza."