Rili ya Kwenda Barafuni

Kila Alhamisi mchana, Ghanim alipofika Ibra akitokea kazini kwake Sur, mama yake alimwuliza kwanza njia, halafu afya, halafu rili. Hakuupindua mpango huo hata mara moja. Aliitikia shikamoo yake, akamwacha avue viatu na kukaa, akangoja mkwewe Fakhriya amtilie mumewe kahawa, ndipo aliponyoosha mkono.

"Haya, nipe niione."

Macho ya Bi Khole yalikuwa na ukungu siku nyingi, na kuona kwake kulikuwa kwa vidole. Ghanim alitoa kwenye mfuko wa nailoni rili nyeusi, kile chombo kinachofungwa kwenye fimbo ya kuvulia ili kukunja na kukunjua mshipi, akamwekea kiganjani.

"Nyepesi," alisema Bi Khole.

"Ya plastiki, mama. Plastiki ikipigwa na baridi kali inapasuka. Tazama hapa ubavuni, imeshafanya ufa."

Bi Khole aliutafuta ufa kwa ukucha wa kidole gumba mpaka akaupata. "Kweli. Hii itamwaibisha." Akairudisha. "Lakini fanya haraka, Ghanim. Barafu ya huko haitomngoja. Ikishayeyuka atavua wapi?"

"Inshallah, mama."

Fakhriya alibeba birika akaingia jikoni, ingawa kahawa ilikuwa bado imo.

Rili ilikuwa ya Sleyum, mtoto wa mwisho wa Bi Khole. Mwaka ule ndugu walipotawanyika kutoka Unguja, Sleyum alikwenda kusoma Kanada, akaoa huko, akaachana huko, akabaki huko akisomesha hesabu katika mji ulio kando ya ziwa. Mama na Ghanim walikuja Omani mwanzo wa miaka ya sabini, wakaanza upya katika mji wa mababu ambao hawakuwa wakiujua. Sleyum alikuja kuwatazama mara moja, akaondoka na mafua. Baada ya hapo ilikuwa ni kaseti. Kila aliyesafiri alipewa kaseti kwenda na kaseti kurudi, na Bi Khole alizisikiliza mpaka sauti ikaanza kuyumba.

Katika kaseti ya mwisho, Sleyum alieleza kwamba ziwa la kwao limeshaganda tena, na yeye kila Jumamosi huchukua kigoda chake akaenda kukaa juu ya maji kama mtu aliyekaa barazani. Anatoboa kitundu, anateremsha mshipi. "Samaki wanapatikana, mama, ila rili yangu imekufa. Za huku zilizo nzuri ni ghali, na za rahisi zinaganda mkononi. Mwambie kaka Ghanim, Sur ni mji wa wavuvi, anitafutie moja ngumu na ya bei ya kuchukulika." Kisha akacheka kile kicheko chake cha puani.

Pengine alikuwa anatania. Bi Khole hakulichukua kuwa utani. Katika miaka yote hiyo mwanawe huyo alikuwa akiulizwa anataka nini, naye akijibu hataki kitu, ana kila kitu. Sasa amesema anataka kitu.

Na kabla Ghanim hajaingia duka hata moja, Sleyum alifariki. Moyo wake ulisimama akiwa darasani. Majirani Waislamu wa mji ule walimwosha, wakamswalia, wakamzika. Simu ilipigwa kwa dada yao Shukriya, Maskati, na Shukriya akampigia Ghanim ofisini.

Bi Khole ndiyo kwanza alikuwa ametoka hospitali, naye kwa moyo vilevile. Daktari alisema asipewe mshtuko. Shukriya akasema, "Asiambiwe. Akipata nguvu tutamwambia." Khitma ilisomwa nyumbani kwa Shukriya, wanaume wa Ibra wakampa Ghanim mkono wa pole msikitini, na wanawake wa mtaani wakaja kwa Bi Khole jioni moja wote kwa pamoja, kwa sababu hawakuweza kutokuja. Walikaa wakazungumza habari za mitende na za arusi. Bi Khole alifurahi sana. Aliamini wamekuja kumjulia hali baada ya hospitali. Alitaka halwa ipitishwe, na jirani yake Hamda alipokataa kula, alimtania: "Hamda anajinyima. Anataka kiuno cha mwari." Wakacheka wote, kwa kuwa ilibidi.

Nguvu zilirudi, lakini hakuna aliyemwambia. Siku ilikuwa kila mara ni wiki ijayo. Na Bi Khole alikuwa na jambo moja kichwani, rili.

Ghanim alikuwa mtunza stoo wa mitambo ya umeme Sur. Alikuwa mtu wa kupima. Hata bomba la maji alilichunguza kwanza kabla ya kulinunua. Basi alianza kutafuta rili kwa nia ya kumtuliza mama yake, lakini haukupita muda akafahamu kazi anayoifanya hasa ni ipi. Rili ikipatikana, lazima ipelekwe. Ikipelekwa, lazima kaseti ya shukrani irudi. Lakini maadamu kila rili ina kosa lake, hakuna cha kupelekwa, na Sleyum angali amekaa barazani kwake juu ya maji, anasubiri.

Kwa hivyo alitafuta makosa. Hakuyabuni. Aliyatafuta kwa haki, na aliyapata.

Kipimo chake kilikuwa kiwanda cha barafu, pale wavuvi wanaponunua barafu ya kutilia samaki. Msimamizi wake alikuwa Marhun, mzaliwa wa Bujumbura, mtu mnene mwenye sweta la sufi alilovaa kazini hata mwezi wa Juni. Ghanim alimpelekea rili, Marhun akazitundika kwa kamba katika chumba cha mabonge ya barafu, zikalala humo mpaka kesho yake.

"Umeniletea wafungwa wengine?" Marhun alimwuliza Jumatatu moja.

"Wawili tu."

"Na wa juzi je? Umeshamhukumu?"

"Alipasuka."

"Maskini. Hata wakili hakupewa."

Wiki zile walijifunza mengi kuhusu rili, watu wawili ambao hawajapata kuona ziwa lililoganda. Walijua kwamba grisi ya kiwandani ikipata baridi huwa kama samli asubuhi ya kipupwe, mkono hauzunguki. Ghanim aliifungua kila rili, akaiosha kwa mafuta ya taa, akaitia tone moja la mafuta ya cherehani. Walijua kwamba ile yenye waya wa kupinda, ambao mvuvi huufunga na kuufungua, springi yake huchoka haraka. Ile ya kubonyeza kitufe, maji yakiingia ndani yakaganda, kitufe hakirudi tena. Ile kubwa ya kuvutia nguru ilikuwa imara, lakini nzito, na samaki wa kwenye kitundu akigusa, mtu asingesikia kitu.

Ya mwisho ilikuwa kigurudumu kidogo cha chuma cheupe chenye kishikio cha mti. Haikuwa na waya wala kitufe. Ilikuwa imekaa nyuma ya kabati la duka moja la sokoni ikipigwa vumbi, kwa sababu hakuna mvuvi wa Sur anayetaka kitu kidogo namna hiyo, na muuzaji aliitoa kwa bei ambayo Ghanim aliona aibu kuipunguza.

Nayo ikatundikwa barafuni usiku kucha, na kesho yake walikwenda wote wawili kuitazama. Marhun aliitungua, akapangusa sakitu, ule umande ulioganda juu yake, kwa mkono wa sweta, akakizungusha kishikio. Kikazunguka laini. Akakiachia, nacho kikaendelea kuzunguka peke yake kwa muda.

"Hebu," alisema, akampa Ghanim.

Ghanim alikizungusha mbele, akakizungusha nyuma. Aliitia rili ndani ya ndoo ya maji, akairudisha barafuni, wakangoja nje wakinywa chai mpaka rili ikapata baridi ya kutosha. Alipoitoa, ukoko mwembamba wa barafu ulikatika mara moja kwa kidole na gurudumu likazunguka.

"Na hii ina kosa gani?" Marhun aliuliza.

"Kishikio kidogo."

"Kidogo kwa nani? Wewe mwenyewe umenambia samaki wa kule ni kama dagaa aliyekula vizuri."

"Mkono wa mtu aliyevaa glovu..."

"Kishikio cha mti hakigandi mkononi. Wewe ndiye uliyenambia." Marhun aliweka kikombe chini. Alisema kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayetaja hali ya mashine. "Ghanim, rili hii haina kosa."

Ghanim alikizungusha kishikio tena.

"Yule ni mama yako, si wangu, na mimi siwezi kukwambia la kufanya. Lakini mama yangu alipofiwa na kaka yake huko Ujiji, tulimficha. Tulikusudia wema. Akaja kuambiwa sokoni na mwanamke anayeuza ndimu. Sasa amekuwa mtu mzima sana, lakini mpaka leo, akisikia watu wananong'ona chumba cha pili, anaita, 'Nani tena?' Hata kama ni watoto wanagawana peremende."

Alhamisi ile upepo ulikuwa umeutandaza mchanga barabarani karibu na Al Mintirib, na magari yalikwenda polepole. Ghanim hakukasirika kwa kucheleweshwa. Rili ilikuwa kitini pembeni yake, ndani ya mfuko, na kila gari lilipotikisika aliusikia mlio wake mdogo.

Bi Khole aliuliza njia, akauliza afya. Kahawa ikanywewa. Akanyoosha mkono.

Safari hii alikaa nayo muda mrefu. Aliipapasa ukingo mzima, akakipata kishikio cha mti, akakisugua.

"Mti," alisema.

"Naam, mama."

"Kama kile kibao chake. Unakikumbuka? Alikuwa akikunja mshipi wake kwenye kibao cha sanduku la chai. Kutwa yuko pwani Funguni, kule Unguja, akirudi ananuka chambo mpaka kwenye nywele." Alizungusha. Gurudumu likazunguka, likaendelea kuzunguka lenyewe, naye akatabasamu akilisikiliza. "Hii ndiyo. Au na hii ina kosa?"

Fakhriya alisimama mlangoni. Ghanim alimtazama mkewe, kisha akaitazama mikono ya mama yake.

"Haina," alisema.

"Alhamdulillahi. Basi lete redio, tumsemeshe."

Ghanim alileta redio ya kaseti, akatia kaseti mpya, akabonyeza vitufe viwili kwa pamoja kama alivyofanya mara nyingi. Utepe ukaanza kuzunguka. Bi Khole alijivuta karibu, akaweka ushungi sawa kana kwamba Sleyum anamwona.

"Sleyum mwanangu, mimi mama yako. Mimi mzima, moyo ulitaka kunisumbua nikaukatalia. Hiyo rili ameitafuta kaka yako, usifikiri amekuwa mvivu, ameitia barafuni na wenziwe kama wendawazimu. Itie mafuta ya cherehani, tone moja tu, usije ukamimina kama unakaanga. Na ukikaa juu ya hayo maji, kaa mahala walipokaa watu wengine, usiende peke yako. Samaki wa kwanza mpe jirani." Akapangusa mdomo. "Nimefurahi kwa kuniomba. Niombe tena." Kisha akamgeukia Ghanim, "Msafiri ni nani? Nimtaje, apate kumtazamia."

Ilikuwa desturi yao. Kila kaseti ilimalizika kwa jina la mtu aliyeibeba. Ghanim alikuwa ameweza kusema kwamba plastiki imepasuka, kwa sababu ilipasuka kweli. Jina la mtu hakuwa nalo.

"Hakuna msafiri, mama."

"Wiki hii?"

"Hakuna, mama."

Utepe ulizunguka. Bi Khole aliinua uso, akaugeuza upande ilikotoka sauti ya mwanawe, na macho yale yenye ukungu yakatua usoni mwa Ghanim sawasawa. Alikuwa ameshika rili kwa mikono miwili.

"Lini?" aliuliza.

"Ulipotoka hospitali. Moyo, mama. Hakuugua. Walimswalia vizuri, walimzika Waislamu wenziwe."

"Khitma?"

"Tulisoma kwa Shukriya."

Akatikisa kichwa taratibu, mara moja baada ya nyingine. Fakhriya alikuja akakaa nyuma yake, akamshika mabega. Bi Khole alikuwa akiwaza kitu, na midomo yake ilikwenda kama mtu anayekumbuka majina.

"Wale wanawake," alisema. "Jioni ile."

"Naam."

"Niliwapa halwa."

Ghanim alisogea karibu yake.

"Nikacheka nao. Hamda hakula, nikamtania kiuno." Sauti yake ilikatika hapo kwa mara ya kwanza, na Fakhriya akamvutia kifuani. Alilia bila kelele, kama watu wazima wanavyolia wakiwa wamechoka, na vidole vyake havikuiacha rili.

Ghanim alipiga magoti mbele yake. Alimwomba radhi kwa maneno ambayo hayakupangika. Bi Khole alimwekea mkono kichwani, akauacha hapo, lakini hakusema amesamehe wala hajasamehe.

Baadaye alijifuta uso kwa pembe ya ushungi.

"Nenda ukawaite," alisema.

"Nani, mama?"

"Wale wale. Hamda na wenziwe. Waambie waje tena, sasa nami nipo."

Ghanim aliinuka akavaa viatu. Pale pale chini redio ilikuwa bado inazunguka, na hapana aliyethubutu kuigusa. Alikuwa keshafika mlango wa nje aliposikia utepe unafika mwisho na vitufe vinaruka vyenyewe. Akaufungua mlango, akatoka, akaanza na nyumba ya Hamda.