Wageni wa Ngazi Moja

Meli ilipotia nanga kwenye kilindi, kati ya Kisiwani na Kilwa Masoko, watu walitoka kuitazama kama wanavyomtazama bibi harusi wa jirani: kwa shauku nyingi, na kwa kujua kwamba si wa kwao. Miaka yote ilikuwa hivyo. Meli inakuja, nyeupe pe, inateremsha abiria wake kwenye boti za mpira, wanapelekwa Kisiwani kuona magofu, wanarudi, honi inalia, kwaheri. Masoko inabaki imeinua mkono, inaupungia moshi.

Safari hii mambo yalikuwa mengine, na aliyeyageuza ni Zakia binti Hussen.

Zakia alikuwa msimamizi wa gati, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kumtosha mrefu. Manahodha wa majahazi ya chumvi, watu wasioyajali hata mawingu, walikuwa wakimwona anakuja wanazima sigara. Tangu kiangazi alimwandama Nurdin, wakala wa meli kutoka Dar es Salaam, mpaka Nurdin akawa haoni raha kupokea simu.

"Walete mjini," alimwambia. "Wale, wacheze, wanunue. Nitawateremsha wote na kuwarudisha wote kwa maji mamoja."

Maji mamoja maana yake washuke baada ya adhuhuri maji yakiwa yanajaa, na wapande jioni kabla hayajakupwa. Gati lilikuwa na ngazi moja tu ya kuwafaa abiria, tena boti moja kwa wakati. Na siku za bamvua, za maji makuu kama siku ile, maji yakirudi, hurudi kweli: kidato cha mwisho cha ngazi hubaki kinaning'inia hewani, na chini yake tope la kumeza kiatu na soksi yake.

"Dada Zakia," Nurdin alisema asubuhi ile, huku akijifuta shingo, "nahodha amekubali mara moja tu, kutujaribu. Tukichelewesha watu, Masoko haitaguswa tena. Watarudi kwenye magofu yao na sisi tutarudi kwenye kupunga mikono."

"Nimesikia."

"Na mimi nitarudi kuuza vocha."

"Hilo nalo nimelisikia, na wala si baya. Una sura ya duka."

Sasa, kuteremsha umati kwenye ngazi moja ni kazi, ila kujua nani ni wa boti ipi wakati wa kurudi ni kazi zaidi, maana wageni wale kwa macho yetu wote wamevaa kofia moja na wameungua pua moja. Zakia aliifikiria kazi hiyo kama anayefikiria shughuli ya harusi. Akanunua doti za khanga, kila boti na khanga ya rangi yake, akazichana pembeni vipande vya kufunga mkononi.

Bi Sauda alipoona khanga mpya zinachanwa, alishika kifua.

Huyu Bi Sauda alikuwa mkubwa wa wapishi wa shughuli pale Masoko. Harusi ambayo hakuipika yeye, watu huulizana kama ndoa yenyewe imesihi.

"We Zakia! Doti nzima unaitia meno ya mkasi? Wazungu hawana saa za kufunga mkononi?"

"Shikamoo mama. Kipande atafunga mgeni, khanga iliyobaki atajifunga mmoja wa wapishi wako. Mgeni akishuka anatazama mkono wake, anatazama khanga, anamfuata mwenyeji wake. Boti moja, khanga moja, mwenyeji mmoja, masinia yao mahali pamoja."

"Marahaba." Bi Sauda akaipima ile akili kama anayepima chumvi. "Basi mimi nipe ile ya zambarau. Na usiichane sana."

Kushuka kulikuwa kitu cha kutazamwa. Zakia alisimama juu ya ngazi na kipande cha bendera mkononi. Boti ikigusa gati, mkono mmoja chini unapokea, mwingine juu unavuta, khanga inafungwa, mgeni anapita kabla hajajua amepita. Hakuna aliyeruhusiwa kusimama kupiga picha kwenye kichwa cha ngazi. Aliyejaribu aligeuzwa bega kwa upole, kama mlango wenye bawaba nzuri. Boti ikitoka nyingine inaingia. Wachukuzi wa korosho, watu waliozoea kubeba magunia wakigombana, walikuwa wakiwateremsha bibi vizee kama mayai. Nurdin alitazama mpaka akasahau kujifuta shingo.

"Dada Zakia, bandari kubwa nimeziona. Huko abiria wanagombea ngazi nne."

"Nne ni nyingi. Ndiyo maana wanagombana."

Walikaribishwa karibu na soko, chini ya maturubai. Wali wa nazi, pweza, samaki wa kupaka, korosho za moto, madafu. Ngoma ikapigwa. Wageni wakanunua mikeka, wakarudi wakakaa mikekani wanakula tena. Alasiri ikaadhiniwa, wanawake wakapokezana kwenda kuswali, wakarudi.

Maji yakafika juu, yakasimama kidogo kama mtu aliyesahau alichofuata, kisha yakaanza kurudi.

Zakia akampigia simu Agnes, mkalimani aliyekuja na meli. "Anza kuwaleta. Khanga ya kwanza."

"Sawa."

Hakuja mtu. Akapiga tena. "Sawa, dada, muda si mrefu." Maji yakaacha alama mbichi kwenye nguzo za gati. Boti ya kwanza ilikuwa pale chini, injini inanguruma, tupu.

"Nakwenda na kipaza sauti," Nurdin akasema. Kilikuwa mkononi tayari. "Nawatimua dakika hii."

"Kiweke chini hicho. Ukiwatimua wageni wa Bi Sauda mbele ya sinia lake, mwakani uje na sufuria zako."

"Mwakani gani, dada? Tazama maji!"

Zakia aliyatazama. Aliyajua maji yale kuliko alivyojua tabia za mumewe, na yote mawili yalikuwa hayamsubiri mtu. Akarukia bodaboda.

Pale mikekani alikuta jambo ambalo lingemchekesha siku nyingine. Wageni wameshiba mpaka wamelegea, wameketi mbele ya masahani, wanatabasamu. Wenyeji wao wameketi pembeni, nao wanatabasamu. Kila mgeni akitia kijiko kimoja kwa adabu, mwenyeji anaongeza upawa kwa adabu. Mzee mmoja wa kigeni, mwenye bakora na khanga ya zambarau mkononi, alikuwa ameshika tumbo kama mwenye mimba ya miezi yake, na Bi Sauda bado anammiminia mchuzi.

"Agnes, kwa nini hawasimami?"

"Niliwafundisha jana melini," Agnes alinong'ona, uso umemshuka. "Niliwaambia huku ni utovu wa adabu kusimama kabla mwenyeji hajaondoa sahani. Wanasubiri ziondolewe."

Zakia akamgeukia Bi Sauda. "Mama, mbona huondoi sahani?"

"Nimwondolee mgeni sahani hajasema ameshiba?" Bi Sauda alimtazama kama aliyeambiwa amvue mtu nguo. "Si ndiyo kumwambia nimekuchoka, nenda kwenu? Mimi sijalelewa Masoko hii nikamwinua mgeni kwenye sinia. Wanakula bado. Ona huyu mzee anavyopenda!"

Mzee akainua kijiko, akatabasamu.

Hapo Zakia aliona vizuri. Kila upande umekaa unaulinda upande wa pili, na adabu hizo mbili zitakaa zikitazamana mpaka usiku uingie na meli iing'oe nanga kwa hasira. Kuamuru hakufai. Angeamuru, Bi Sauda angetii, na habari ya kwamba wageni wa Masoko walifukuzwa kwenye chakula ingefika mpaka kijiji cha Pande kabla ya sala ya magharibi. Wageni wangepona, Masoko isingepona.

Akapiga magoti kwenye mkeka, karibu na sikio la Bi Sauda.

"Mama, sikuja kuwafukuza. Nimekuja kuomba ruhusa, tuwasindikize."

"Wameaga?"

"Lugha ya kuagia hawana. Wataaga njiani. Wewe utamwacha mgeni wako akajipeleke gatini peke yake, kama mtu aliyekuja kudai?"

Bi Sauda aliweka upawa chini. Jambo la kusindikiza halina mjadala. Hilo hata wageni wabaya hustahili, seuze wanaokula vizuri hivi.

"Ngoma mbele!" akaita. "Kila mtu na wake! Sahani ziacheni hapo hapo, zisiguswe!"

"Niwaambieje?" Agnes aliuliza.

"Usiwaambie kitu," Zakia alisema. "Waache washikwe mkono."

Wakashikwa mkono. Wanawake wakajitwika mikeka na mikoba ya wageni, wakawainua kwa vicheko, na barabara ya gatini ikajaa: khanga ya kwanza, ya pili, ya tatu, kila rangi nyuma ya mwenyeji wake, hakuna aliyepotea wala aliyechanganyika. Bodaboda zote zikasimama zikapiga honi. Zakia alipita pembeni mbio, akafika mbele yao, akawazuia kwenye kichwa cha gati. Ngoma ikachezewa hapo. Rangi moja ikiteremka, zingine zinacheza. Boti ikijaa, kigelegele kimoja, nayo inaondoka. Vidato vya ngazi vilikuwa vinatoka majini kimoja kimoja, na rangi zinapungua moja moja, na kwa muda haikujulikana nani atamshinda mwenzake.

Ikabaki zambarau. Wakapanda wote, isipokuwa mzee wa bakora.

"Yuko wapi?" Nurdin alipiga ukelele.

Walimwona mbali, barabarani, anarudi mjini. Ameshikana mkono na Bi Sauda, wanatembea polepole kama watu wenye shamba lao.

Zakia alikimbia, viatu mkononi. "Mama! Unampeleka wapi?"

"Simpeleki! Ananirudisha!" Bi Sauda alisema, na haya hakuwa nayo hata chembe. "Nimemsindikiza, naye ananisindikiza. Nimkatae mtu mwenye adabu namna hii?"

"Mkimaliza kusindikizana ninyi, meli itakuwa Mafia. Nakuomba, mama. Ingia wewe botini, atakufuata."

Bi Sauda aliitazama boti, akamtazama mzee, akajifunga khanga kiunoni. Aliteremka ngazi kama msichana. Mzee akamfuata, bakora juu, na nahodha wa boti akasukuma gati kwa kasia, maana tope lilikuwa limeanza kuipapasa.

Nurdin alikaa chini juu ya gogo la kufungia kamba. Baadaye wakasikia honi ya meli ikilia, ndefu, na nanga ikianza kupanda. Simu ya Nurdin ikaita. Alisikiliza kwa muda, akaitikia kwa Kiingereza chake cha ofisini, kisha akaifunika kwa kiganja.

"Wote wamefika. Nahodha wa meli anashukuru. Anauliza mwakani walete meli kubwa, mara mbili ya hii."

Zakia aliitazama ngazi yake moja, na kidato kile cha mwisho kinachodondosha maji.

"Mwambie meli kubwa sina pa kuiweka. Alete hii hii, aje mara mbili."

Nurdin alisita, akasema maneno hayo hayo kwenye simu. Akasikiliza. Taratibu uso wake ukafunguka.

"Mara mbili," alisema. "Wamekubali."

Chini, mashua ya mvuvi iliyomrudisha Bi Sauda kutoka melini ilikuwa imekwama mbali kidogo na ngazi. Akashuka mwenyewe kwenye tope mpaka magotini, khanga ya zambarau ameikunja juu, anacheka peke yake, na wachukuzi wawili wakatupa ubao kumfuata.

"Zakia!" aliita kutoka kule topeni. "Wamesemaje?"

"Wanarudi, mama! Mara mbili!"

"Wote?"

"Wote!"

"Na yule mzee?"

"Nitajuaje mimi, mama?"

"Uliza!" Bi Sauda akasema, akaukataa mkono wa mchukuzi. "Huyo Nurdin si ana simu?"