Mgeni wa Wastani

Munira alikuwa anachuja maji ya kisima kwa kipande cha kanga pale Mtanzania wa Wastani alipobisha hodi. Alikuja na begi moja na bomba lake mwenyewe, akalishikiza ukutani juu ya mkeka, akalifungua. Maji yakatoka, safi, hata harufu hayana. Munira akampisha, mgeni ni mgeni. Kiwalani nzima kila nyumba ilipata wa kwake wiki ileile nchi ilipotangazwa kupanda daraja, kuingia uchumi wa kati.

Kero ni kwamba bomba lilimtii yeye tu. Munira akiligusa, linakauka. Bwana huyo alikula nyama, taa yake iliwaka hata umeme ulipokatika, na afya yake iliudhi. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Munira alimpa dumu, akamwonyesha njia ya kisimani.

"Kwa wastani nina maji ndani, dada," akajibu, akageukia ukutani.

Talha, mwanawe Munira, alikuwa haishi kuharisha kwa maji yale ya kisima. Ndiyo maana Munira aliomba Mungu wapimaji wa maendeleo wamkute. Walikuwa wanapita kulinganisha nchi yetu na majirani, na mtaa utakaoonekana una shida ungevutiwa bomba. Lakini foleni ya kisimani haina huruma. Walipopiga hodi hakuwepo. Mgeni ndiye aliyeitikia karibu, na uswahilini anayeitikia karibu ndiye mwenyeji. Wakamhoji yeye. Wakanawa mikono kwenye bomba lake, wakashukuru, wakaondoka.

Munira alimfuata mwenyekiti wa mtaa, mzee Bakari, hadi barazani kwake.

"Shikamoo mzee. Bomba letu vipi?"

"Marahaba. Nyie mshapanda, mwanangu. Nchi jirani tumeiacha mbali. Bomba linapelekwa kwa wenye shida."

"Nimepanda wapi mie? Aliyepanda ni lile bwege lililolala kwangu!"

"Hata mie ninaye wa kwangu," alisema mzee Bakari, "na choo changu kimefurika. Nifanyeje?"

Munira alirudi nyumbani anasonya njia nzima. Talha alikuwa amejikunja mkekani, tumbo limemshika tena, mwili unachemka. Mgeni alimpapasa mtoto paji la uso, kisha akajipapasa la kwake, akapiga hesabu kidogo.

"Kwa wastani," akasema, "hatujambo."

Munira akambeba mwanawe mgongoni, akachukua na dumu, maana njia ya zahanati na ya kisimani ni moja.