Mguu wa Mwalimu Breki

Mume wangu amefundisha watu udereva tangu ujana wake, na mtaani hakuna anayemwita kwa jina lake. Anaitwa Mwalimu Breki. Gari la kufundishia lina breki ya pili upande wa abiria, chini ya mguu wake, na mwanafunzi akiyumba kidogo tu, anaikanyaga. Shida ni kwamba mguu ule haujui kupumzika. Tukipanda basi anakanyaga sakafu. Mhubiri akienda mbio, anakanyaga sakafu ya kanisa. Mimi mwenyewe alinifundisha, nikafeli mpaka nilipohamia kwa mwalimu mwingine, maana kila nilipotia gia, gari lilikuwa limeshasimama.

Hata Mungu hakuachiwa usukani. Kila asubuhi mwenzangu aliomba, "Bwana, upendalo lifanyike," kisha akaongeza maelekezo: lini, wapi, na kwa njia ipi. Nilikuwa naitikia amina huku nacheka moyoni.

Kicheko kilikatika macho yake yalipougua. La kushoto lilizimika kabisa, naye akijidanganya kuwa ni uchovu. La kulia likaanza kuingia ukungu. Daktari hakuficha: likipasuliwa huenda likapona, huenda lisipone; likiachwa, litamfuata mwenzake.

"Niombeeni tu," mume wangu akasema. "Nilale kimya, mtu mwingine anishike jicho? Siwezi."

"Umeshaombewa, baba. Mungu kakujibu kwa mkono wa daktari, wewe umekanyaga breki."

Akaninunia. Nikamwacha na kununa kwake, sikio la kufa halisikii dawa, nami nilikuwa nimechoka kuogopa kwa niaba ya watu wawili.

Kilichomvunja ukaidi kilitokea kazini. Alikuwa anamfundisha mkunga mmoja, mama mtu mzima, mtulivu. Barabara ilikuwa wazi na mama anaendesha vizuri. Ghafla mwalimu akaona kitu cheusi mbele, akakanyaga breki kwa nguvu zake zote. Lori la nyuma likawakwepa kwa neema tu, likapanda ukingo wa barabara. Mbele hapakuwa na chochote ila kivuli cha nguzo ya umeme.

Mkunga akazima gari, akavuta breki ya mkono, akamgeukia. "Mwalimu, mimi nilikuwa naona. Usiyeona ni wewe, na wewe ndiye uliyetusimamisha."

Alirudi nyumbani mchana ule, akanikuta jikoni namenya viazi.

"Mke wangu, hivi ndivyo nilivyomfanyia Mungu miaka yote. Yeye anaona, mimi nafunga breki."

Akainamisha kichwa. "Bwana, upendalo lifanyike," akasema. Nikasubiri maelekezo. Hayakuja. Nililia juu ya viazi vyangu, wala sikuona aibu.

Alipasuliwa wiki iliyofuata. Watu huniuliza kama jicho lilipona. Lilipona. Bandeji ilipofunguliwa, neno lake la kwanza lilikuwa kwamba kitambaa changu cha kichwa kimekaa upande. Lakini ushindi wenyewe mimi siuhesabu kutoka hapo. Nauhesabu kutoka siku iliyotangulia, tulipotoka hospitali, jicho limefungwa, na hakuna ajuaye litafunguka kuona nini.

Niliendesha mimi, na gari lilikuwa lile lile la kufundishia. Nilimkalisha kwenye kiti chake cha kila siku, breki yake chini yake, nikajiandaa kusimamishwa njia nzima. Hospitali iko juu ya mlima, na mteremko wake hata mimi naogopa. Tulipoanza kushuka, pikipiki ikatuchomekea mbele. Nikafunga breki, nikatupa jicho chini upande wake.

Alikuwa amevua viatu. Vile vya kamba, aina ambayo bila kuivaa hakuna mwanafunzi aliyeruhusiwa kugusa gari lake. Vilikuwa vimewekwa pembeni, na miguu yake ameikunja juu ya kiti kama mtu aliye sebuleni kwake. Alikuwa anaimba wimbo wa sifa kwa sauti nzito, bila haya, na vioo vyote viko wazi. Watu wa barabarani waligeuka kututazama.

"Mbona tumesimama?" akauliza.

"Tuko kwenye mteremko, baba. Ni mkali."

"Si unaona njia?"

"Naona."

"Basi twende, mama," akasema, akaendelea na ubeti wake.

Nikaachia breki, nami nikaidaka sauti ya pili.