Siku za Kukaa Kando

Bei ya hisa za kampuni ya saruji ilikuwa ikirukaruka kwenye kioo cha kompyuta kama mafuta ya moto yaliyodondokewa na maji. Inapanda, inashuka, inapanda tena kabla jicho halijatulia. Kobe alivuta kigoda, akaketi nyuma ya bega la dada yake, akaanza kuisoma. Jina hilo la Kobe alipewa na dada huyo huyo tangu utotoni, kwa sababu hata akiitwa kula alikuwa anafikiri kwanza.

"Enhe, tabibu," dada akasema bila kugeuka. "Mgonjwa anaendeleaje?"

"Ana homa. Tangu itangazwe kodi mpya ya saruji, hakuna anayejua anachonunua. Leo tukae kando."

"Basi tunakaa."

Ndivyo walivyofanya kazi katika chumba kile cha nyuma ya duka la dada. Walinunua hisa asubuhi na kuziuza kabla soko halijafungwa. Hisa haikulala kwao hata usiku mmoja. Dada alikuwa na vidole vyepesi na moyo wa moto, kwa hiyo yeye ndiye aliyeshika kompyuta. Kobe alikuwa na macho. Soko likitulia, bei ikitembea kama mtu anayejua aendako, aliridhia waingie na mtaji wote. Likiyumba, waliingia na nusu, pengine robo. Likichafuka, mikono mapajani. Tena walikuwa wamekubaliana jambo moja lisilo na mjadala: dada asinunue wala asiuze mpaka Kobe aseme, "Bonyeza."

Kwa ajili ya neno hilo moja, Kobe alikubali kuiuza mashine yake ya kufuma masweta na kuitia bei yake yote kwenye mtaji. Mashine ile ndiyo iliyokuwa ikimlisha. Mtaji ukizama, hakuwa na pa kurudi.

"Kwa kuwa leo hatuna kazi," dada akasema, "si umpeleke mama kliniki? Miguu inamsumbua tena."

Kobe alichukua kitambaa chake cha kichwa akaondoka na moyo mweupe. Alimpenda dada kwa hilo. Soko lilipochafuka na kila mtu kuwa na lake, dada hakukosa kumkumbuka mama.

Kliniki waliambiwa daktari hakuja. Wakarudi taratibu, mama akimwegemea bintiye na kuwasema madaktari wa siku hizi, kwamba ukiwa mzima unawaona kila kona, ukiumwa wamekwenda semina. Kobe alimkalisha kwenye benchi la dukani, akaingia ndani kumchotea maji.

Mlango wa chumba cha nyuma ulikuwa umerudishwa tu. Akamsikia shemeji yake, mume wa dada.

"Bonyeza! Bonyeza, mke wangu, unangoja nini?"

Kobe alisimama na kikombe mkononi. Angewakuta wanamsengenya, angevumilia. Watu wa nyumba moja husemana, kesho wakala sahani moja. Lakini lile neno lilikuwa lake. Kulisikia likitoka kinywani mwa mtu mwingine, kwa wepesi ule, kulimfanya ajihisi kama mtu aliyekuta nguo zake za ndani zimevaliwa na jirani.

Akausukuma mlango.

"Mmerudi mapema," dada akasema.

"Daktari hayupo. Mmeingia?"

"Kidogo tu."

Kobe akasogea, akasoma. "Hiki ndicho kidogo? Mtaji wote umo humu."

Shemeji akacheka, bado amekalia kigoda. "Shemeji, usitukunjie uso. Sisi tunakula faida, wewe unatuletea matanga! Kwani zile siku nyingine tulikufa?"

Dada akamkanyaga mguu chini ya meza, lakini maneno yalishatoka.

"Siku zipi?"

Safari za kliniki zilimjia moja baada ya nyingine, kila moja na homa yake ya soko. Akaiona pikipiki mpya ya shemeji, ile aliyoipapasa tangi kwa furaha na kumwombea mwenyewe heri. Faida walikuwa wakiichota, mtaji wakiuacha ulivyokuwa, naye jioni alirudi akautazama ukiwa salama, akajisifu kimoyomoyo kwamba subira yake ndiyo iliyoulinda. Kumbe subira hiyo ndiyo waliyoitumia kumtoa nje ya mlango. Walimpaka mafuta kwa mgongo wa chupa, naye akawa anashukuru kwa kung'aa.

"Nilikuwa nakuepusha na presha," dada akasema. "Wewe bei ikiruka hulali. Na hatukupoteza, Kobe. Hata mara moja."

"Mngepoteza, mngepoteza mashine yangu. Mimi ningeambiwa nini? Kwamba soko lilianguka nikiwa kwenye foleni ya dawa?"

Dada alifungua mdomo, kisha macho yake yakakimbilia kwenye kioo. Bei ilikuwa imesimama huko juu ilikofika, haiendi mbele wala nyuma.

"Inapumzika," shemeji akasema. "Ngoja. Bado kuna utamu."

Dada hakumtazama. Alimgeukia mdogo wake, na uso ule wa ukubwa ukamtoka wote. "Kobe. Inapumzika, au inaanguka? Niambie."

Kobe alikuwa ameshaona. Bei ilikuwa juu, lakini wanunuzi walikuwa wakipungua, na waliobaki walitaka hisa kiduchu kiduchu, kama watu wanaoonja mchuzi wasionuia kuununua. Angeweza kunyamaza. Aliuonja ukimya huo, akaukuta mtamu kuliko alivyotaraji. Waache waanguke. Lakini ndani ya nambari zile zilikuwamo masweta yake yote ambayo hajayafuma.

"Uza," akasema. "Zote. Sasa hivi."

Dada akauza. Hawakungoja sana, bei ikateguka, ikaporomoka, kioo kikawa chekundu tupu.

Shemeji aliruka akapiga makofi. Dada alimkumbatia Kobe, analia na kucheka. "Umeona? Wewe na mimi, nani atatuweza?"

Kobe alikaa ndani ya kumbatio hilo kama koti lililotundikwa msumarini.

"Nitolee nilichoweka," akasema.

"Leo? Leo tumepata!"

"Ndiyo maana. Mngekuwa mmepoteza, ningekuonea huruma, nisingeweza kusema."

"Na fungu lako la faida?"

"La leo peke yake, au pamoja na yale yaliyonunua pikipiki?"

Makofi yakakoma. Shemeji akapata shughuli ya ghafla kwenye simu yake. Dada alikaa, mikono juu ya meza, na alipozungumza tena sauti ilikuwa ndogo.

"Kesho soko likifunguliwa, nani atanisomea?"

Kobe alijua kesho ingekuwaje. Homa ya saruji isingeshuka upesi. Mwenye akili angeingia na robo, au asiingie kabisa. Maneno yalimpanda mpaka kwenye ncha ya ulimi. Akayameza, yakashuka kwa shida kama kidonge bila maji.

"Mbona kimya huko?" mama akaita kutoka dukani. "Mmepata au mmepoteza?"

"Tumepata, mama!" dada akapaza sauti, nayo ikamkatikia katikati.

Kobe alijaza kikombe, akatoka nacho. Mama alikipokea asinywe, akawa anamtazama usoni.

"Na wewe?"

Kobe akapiga magoti mbele ya benchi, akaanza kumlegeza viatu.

"Miguu imevimba, mama," akasema. "Nyosha huu kwanza."